Kwa wadogo zangu mnaoanza wodi ya upasuaji: kongosho na mionzi

Karibuni Tanga, wadogo zangu. Iko siku mtaulizwa nililoulizwa mimi na kijana aliyemleta baba yake, mwenye saratani ya kongosho, kutoka Pangani: "Dokta, nimesikia kuna watu wanapigwa mionzi tumbo likiwa bado wazi. Baba hawezi kupata hiyo?" Nilikuwa mgeni kazini, nikamkatalia palepale kwamba hakuna kitu kama hicho. Kumbe kipo, na bado najuta.

Mionzi ya kawaida hupitia kwenye ngozi na hugawanywa kidogo kidogo, mara nyingi siku 25 hadi 28, kwa sababu kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mdogo, imelizunguka. Duodeni haivumilii mionzi mikali. Kwa njia ile aliyoiuliza kijana, mgonjwa akiwa kwenye meza ya upasuaji, daktari wa upasuaji anausogeza utumbo kando kwa mkono, anaweka bomba la kuelekeza miale pale uvimbe ulipo au ulipotolewa, watu wote wanatoka chumbani huku mgonjwa akifuatiliwa kwa kamera, kisha elektroni zinapigwa mara moja tu, kwa kawaida Gray (kipimo cha dozi ya mionzi) 10 hadi 20. Elektroni haziendi mbali ndani ya mwili. Madaktari wa Kyoto, Japani, waliiendeleza njia hii tangu miaka ya 1960.

Msiwaahidi watu makubwa, tafadhali. Inasaidia uvimbe usirudi palepale na inapunguza maumivu ya mgongo, ila saratani ikishafika kwenye ini haiifuati huko.

Ndiyo maana nawasihi: muwahi manjano, yaani macho na ngozi kugeuka njano, maana huweza kuwa dalili ya saratani hii. Mzee yule alikuwa nayo wiki kadhaa, haumwi popote, akitibiwa malaria. Mpelekeni mgonjwa dirishani, mvute kope la chini kwa mwanga wa jua, maana taa ya wodi huficha. Angalieni mikwaruzo ya kujikuna mikononi na miguuni. Ulizeni kama mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Choo ndicho kigumu: wengi wanatumia choo cha shimo, hawaoni kitu. Mpeni kopo, kwa heshima, faragha. Kikitoka cheupe kama udongo wa mfinyanzi, ultrasaundi ifanyike siku hiyohiyo, daktari wa upasuaji aitwe, na barua ya rufaa ya Muhimbili ianze kuandikwa kabla ndugu hawajarudi Pangani kutafuta nauli.