Mchoro wa Mteja Mbele ya Wanataaluma

SWALI: Mimi ni mshauri nasaha hapa Mombasa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia tiba ya sanaa, yaani uchoraji na ufinyanzi, kwa watoto waliofiwa. Mwezi ujao wataalamu wa fani hii tutakutana kwa siku moja, na kila mmoja ametengewa dakika 20 za kueleza kazi aliyoifanya na mteja wake. Ningependa kwenda na michoro ya mvulana wa miaka 11 ambaye bado ninamhudumia. Amechora feri ya Likoni mara 6, na kila mara feri hiyo haina abiria. Nimelifuta jina lake nyuma ya karatasi. Je, hilo latosha? (Mshauri, Mombasa)

JIBU: Halitoshi, dada yangu, na sababu yake imo ndani ya swali lako mwenyewe. Maelezo ya maneno unaweza kuyageuza, ukamfanya mvulana awe msichana na feri iwe basi, lakini mchoro hukaa kama ulivyo: mkono uliouchora hutambulika, na rangi za sare ya shule, kama amezitia, hutambulika zaidi. Tena mji wetu si mkubwa kama tunavyoudhania, na si ajabu aliyeketi kiti cha mbele akawa jirani wa mama yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na kwa mtoto hutaka idhini ya mzazi au mlezi. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Mvulana mwenyewe naye aulizwe kwa maneno ya umri wake, aelezwe ni mchoro upi, ataonyeshwa nani, utarudi lini, na kwamba akikataa hakuna kitakachobadilika baina yenu. Hapa ndipo ninapokuwa mgumu: mtoto aliye katikati ya tiba hapendi kumuudhi mtu anayemsikiliza, kwa hiyo atakubali hata kama moyoni hataki. Kesi inayoendelea mimi singeipeleka, hata fomu ikiwa na sahihi zote.

Jambo hili si geni katika fani. Edward Adamson, msanii aliyeanza kazi mwaka 1946 katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Netherne, Surrey, Uingereza, alitunza maelfu ya kazi za wagonjwa na kuzionyesha hadharani ili umma upate kuwatazama kwa jicho jingine. Nia yake ilikuwa njema. Hata hivyo, swali la ridhaa ya waliozichora limebaki likiulizwa baada yao. Lakini Adamson alikuwa na desturi moja ninayoipenda, nayo ni kwamba hakuwafasiria wagonjwa picha zao. Ukiibandika feri tupu ukutani, wenzako watashindana kuieleza, huyu akisema ni upweke na yule akisema ni kifo, ilhali pengine mtoto huona tabu tu kuchora watu.

Dakika zako 20 zina matumizi mengine. Chukua kesi iliyofungwa zamani, ambayo mwenyewe na mzazi wake wameridhia. Au onyesha michoro yako: wataalamu wengi huchora wenyewe baada ya kikao ili waelewe kilichowagusa, na picha hizo, ukizichagua zisizobeba alama za mteja, zitawafunza wenzako namna ulivyofanya kazi pasipo kumtaja mtu. Eleza pia mambo ya kawaida ambayo mikutano hii huyasahau, kama vile kwa nini ulimpa krayoni badala ya udongo, ulifanya nini alipochana karatasi, na michoro unaifungia wapi.

Waombe waandaaji mapema wapige marufuku simu wakati wa maonyesho, kwa kuwa picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp, hata kundi la wataalamu watupu, hakuna tena wa kuirudisha.

Ama ile feri isiyo na abiria, ikiwa inakukosesha usingizi, na naona inakukosesha, ipeleke kwa msimamizi wako wa kitaaluma, katika chumba chenye watu wawili.