Barua kwa mwanangu kuhusu kazi ya sera za adhabu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uache uwakili ukajiunge na wanaoandaa sera za adhabu, kwa kuwa waona huko ndiko sheria inakobadilishwa. Jibu langu ni ndiyo, ila usiende ukidhani kwamba hukumu moja kubwa humaliza kazi.

Itazame kesi ya Francis Muruatetu, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitamka kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji, iliyomo katika kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, inakiuka Katiba, kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kupima hali ya mtu aliye mbele yake. Wafungwa wa wizi wa mabavu, na hata wa makosa ya ngono, nao wakaomba adhabu zao zipimwe upya, na baadhi wakapunguziwa. Julai 2021 Mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Julai 2024 ikarejesha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufani ilikuwa imekipunguza hadi 15 katika kesi ya unajisi wa mtoto, ikisisitiza kwamba kima cha chini cha adhabu huwekwa na Bunge.

Kazi unayoitaka iko hapo: kuandika rasimu na kuitetea mbele ya wabunge wanaoogopa kuonekana wanawadekeza wahalifu. Siwalaumu sana, wapiga kura wao ndio wanaoibiwa.

Mimi niliyeandika kwa miaka mingi ripoti za probesheni, zile za kumweleza hakimu hali ya mshtakiwa kabla ya adhabu, nakushauri uanzie mahakama za mahakimu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 1998, lakini hakimu hatatoa kifungo cha nje, yaani kazi za kijamii badala ya jela, ikiwa ripoti haijafika, afisa hana nauli ya kwenda kijijini kwa mshtakiwa, au shule na zahanati ya karibu haina wa kumsimamia. Ukifuatilia majalada hayo kwa muda, utaandika mapendekezo ambayo hakimu atayatambua kuwa yanahusu mahakama yake.

Leseni yako ya uwakili endelea kuihuisha kila mwaka, kwani nafasi nyingi za aina hii hutegemea wafadhili, na mkataba waweza kwisha muswada ukiwa bado kwenye kamati.

Mama yako