Kupanda Haleakalā kwa baiskeli: gia ya 34 kwa 28 inatosha?

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Marekani, na mwakani nakusudia kupanda mlima Haleakalā, kisiwani Maui, Hawaii, kwa baiskeli ya barabarani kuanzia Paia ufukweni hadi kileleni. Nina kilo 82. Baiskeli pamoja na maji ni kilo 10. Mbele nina sproketi za meno 50 na 34, nyuma 11 hadi 28. Naweza kushikilia nguvu ya miguu ya wati 200 kwa saa moja. Wenzangu wanasema barabara ile haina mwinuko mkali, kwa hiyo nisihangaike na gia. Nibadilishe au niache? Na breki zangu za kubana ringi zitanirudisha chini salama?

Jibu: Marahaba. Badilisha. Funga sproketi za nyuma za 11 hadi 34, tena mapema, ili miguu izizoee kabla ya safari.

Wenzako wamesema kweli kuhusu mwinuko. Haleakalā ni volkano yenye umbo la ngao: lava yake ilikuwa ya majimaji, ikatiririka mbali na kujitandaza tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana mbavu zake zimelala, si kama Meru au Ol Doinyo Lengai. Barabara inapanda mita 3,055 kwa takriban kilometa 58, wastani wa asilimia 5 na ushei. Ila mteremko wa kupumzishia miguu njiani karibu haupo, na hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Kuinua kilo 92 hadi kimo hicho kunahitaji takriban kilojuli 2,760. Ukitaka kufika kwa saa 5, hizo ni wati 153 za kushindana na uzito tu. Ongeza msuguano wa matairi na cheni, na hewa unayoisukuma, unafika karibu wati 180. Mtu wa wati 200 kwa saa moja hawezi kushikilia 180 kwa saa tano. Panga safari ya muda wa saa 6, yaani karibu wati 150, na usione haya zikizidi.

Kwa wati 150 kwenye asilimia 5 utakwenda karibu kilometa 9.7 kwa saa. Gia ya 34 kwa 28, yaani meno 34 mbele na 28 nyuma, inakusogeza mita 2.55 kila mzunguko wa pedali, kwa hiyo utazungusha kama mara 63 kwa dakika. Inavumilika. Lakini karibu na kilele kuna vipande vinavyopita asilimia 10. Hapo wati zilezile zinakupa kilometa 5.5 tu kwa saa, na pedali zinashuka hadi mizunguko 36. Huko ni kusimama juu ya baiskeli na kusaga magoti, baada ya saa tano na zaidi za kazi. Ukiwa na meno 34 nyuma unapata mizunguko 44. Si raha, lakini unaweza kukaa kwenye kiti ukaendelea. Na kule chini utazungusha karibu 77, jambo litakalotunza misuli yako kwa ajili ya juu.

Usisahau hewa. Kileleni utakuwa juu kidogo kuliko kibanda cha Mandara cha njia ya Marangu kule Kilimanjaro, na mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 70 ya ule wa Paia. Wati 150 za huko zitakuumiza kuliko za ufukweni. Gia huchaguliwa kwa kilometa za mwisho, ukiwa umechoka. Wastani wa barabara haukusaidii chochote pale.

Kabla ya kununua, hakikisha mkono wa nyuma unaohamisha cheni unakubali meno 34. Mifupi mingi haikubali. Cheni nayo lazima iwe ndefu zaidi. Ijaribu kwenye meno 50 mbele na 34 nyuma, gurudumu likiwa juu: ikikaza kabisa ni fupi, na siku ukikosea gia itang'oa ule mkono.

Chakula beba mwenyewe, kwani ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Haleakalā, iliyo sehemu ya juu ya mlima, hakiuzwi. Maji utayapata kwenye ofisi za hifadhi, karibu mita 2,130. Kula tangu saa ya kwanza, hata kama njaa haijaja.

Sasa kushuka, ambako kunanitia wasiwasi kuliko kupanda. Mwaka 2007 hifadhi ilisimamisha safari za kibiashara za kuteremka kwa baiskeli ndani ya mipaka yake, baada ya ajali zilizoua watu. Breki za ringi zinatosha kama ringi ni za alumini na raba ni mpya. Kama ni za kaboni, azima magurudumu mengine. Joto la kubana muda mrefu linaweza kuziharibu. Usiburuze breki mfululizo. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, upepo upoze ringi, kisha bana tena. Baridi ya juu hutia vidole ganzi, na vidole vyenye ganzi havibani breki sawasawa. Beba glavu za vidole vizima na koti la kuzuia upepo, uvae kileleni kabla hujaanza kutetemeka.