Jibu: Kujitolea kama wenyeji wa kambi kwenye hifadhi za majimbo, Marekani

Kaka, umeuliza kama wewe na shemeji mkijitolea kuwa wenyeji wa kambi (watu wanaoishi kambini na kuwahudumia wageni) kwenye hifadhi ya jimbo huko Marekani mtapata posho. Kwa kawaida posho hamna. Mnapewa bure sehemu ya kuegesha gari la kulala, yenye umeme na maji, nanyi mnalipia kwa kazi, mara nyingi saa 20 kwa wiki au zaidi. Gari la kulala au trela kwa kawaida mnakuja nalo wenyewe.

Kazi ni kupokea wageni, kuwaelekeza, pengine kuuza kuni. Halafu kuna majivu. Wageni wakishaondoka, unapita na koleo na ndoo ya chuma, unachota majivu kwenye shimo la moto, unaokota vizibo vya bia na magunzi ya mahindi. Ndoo ya plastiki usiiguse, maana makaa hukaa hai chini ya majivu hata kesho yake. Kwingine vyoo navyo ni vyenu (shemeji aambiwe mapema!). Wageni wakipiga muziki usiku wa manane, wakumbusheni kwa upole. Wakikaidi, mwiteni askari wa hifadhi, msibishane nao.

Zito ni makaratasi. Rekodi zenu za jinai zitachunguzwa. Na kama mpo kwa viza ya matembezi, ngojeni kwanza: sehemu ya bure inaweza kuhesabiwa kuwa malipo ya kazi. Muoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu. Kama mna grinkadi (kibali cha kuishi Marekani kudumu), ombeni mapema, tangu majira ya baridi, kwani nafasi za kiangazi hugombaniwa.