Uchovu wako usiusingizie molibdenamu

Dada wa Wete, umeuliza kama uchovu na nywele kukatika ni kwa kupungukiwa na molibdenamu, na kama ununue vile vidonge ulivyoonyeshwa dukani. Usinunue kwanza. Madini haya tunayahitaji kweli. Bila yake vimeng'enya kadhaa, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini, havifanyi kazi, na mkubwa wao ni kile kinachogeuza salfaiti, kemikali yenye salfa ambayo ikizidi inaumiza ubongo, kuwa salfeti inayotoka kwa mkojo. Lakini mtu mzima anahitaji mikrogramu 45 tu kwa siku, mjamzito 50. Bakuli la choroko, kunde au mbaazi za nazi linakufikisha huko bila shida.

Kupungukiwa kwa sababu ya chakula ni jambo la nadra mno. Anayetajwa sana ni mgonjwa mmoja, habari zake ziliandikwa 1981, aliyelishwa kwa mshipa muda mrefu: moyo ulimwenda mbio, kichwa kikamuuma, usiku haoni, mwisho akapoteza fahamu. Alipopewa molibdenamu akapata nafuu. Upo pia ugonjwa wa kurithi wa watoto wachanga, nao nadra sana: degedege lisilotulia na kushindwa kunyonya tangu siku za mwanzo. Mtoto wa hivyo akimbizwe hospitali, tena haraka.

Wewe nenda kapime wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Kama hedhi yako ni nyingi, mwambie daktari. Na chai ya rangi isifuatane na chakula, maana inazuia chuma kuingia mwilini.