Nyuso za Waigizaji wa Kabuki: Maswali Yenu

Kwa nini waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, walichorwa kwa wingi hivyo?

Wapenzi wao walikuwa wengi na picha zilikuwa za bei nafuu. Mji wa Edo, Tokyo ya leo, ulipenda kabuki kupindukia. Wachapishaji walitoa picha zilizochapwa kwa mbao mchezo ungali jukwaani, na bei ilikaribia ya bakuli la tambi.

Je, mchoraji ndiye aliyechonga na kuchapa?

Hapana. Alichora kwenye karatasi nyembamba, kisha mchongaji akaigandisha kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuuchonga. Mchoro wa asili uliangamia papo hapo. Kwa kawaida kila rangi ilikuwa na ubao wake, na alama mbili zilizochongwa pembeni zilimwongoza mchapaji aiweke karatasi palepale kila mara. Gharama na hasara vilikuwa vya mchapishaji. Majina ya wachongaji na wachapaji wengi yamepotea, jambo linaloniuma, maana unywele mmoja uliochongwa vizuri pale kwenye paji la uso ni kazi ya mchongaji.

Mbona watu wa mchoraji Sharaku wana sura za kutisha?

Itazame picha yake ya Ōtani Oniji wa Tatu akiwa Edobei, jambazi anayetaka kupora pesa. Kidevu kimechomoza, midomo imebanwa, vidole vimetanuka kutoka ndani ya vazi. Mikono ni midogo mno kwa kichwa kile, lakini ndiyo inayotoa uchu wote. Nyuma yake kuna unga wa ulanga juu ya rangi nyeusi, unaometameta ukiinamisha karatasi.

Wachoraji wengine, kama Toyokuni, walimpendezesha mwigizaji. Sharaku alionyesha watu wawili ndani ya uso mmoja: mhusika, na mtu wa nyama na damu anayejitahidi kuwa mhusika huyo. Kwangu mimi hakuna aliyemfikia. Alianza 1794 chini ya mchapishaji Tsutaya Jūzaburō, akatoa picha zaidi ya 140 kwa takriban miezi kumi, kisha akanyamaza mwanzoni mwa 1795. Mwandishi Ōta Nanpo alieleza kwamba hakudumu kwa kuwa alichora ukweli kupita kiasi. Wataalamu wengi leo wanaamini alikuwa Saitō Jūrobei, mwigizaji wa nō, tamthilia nyingine ya jadi ya Kijapani, aliyemtumikia bwana wa jimbo la Awa.

Picha yangu ni ya mwanamke, lakini naambiwa ni mwanamume. Imekuwaje?

Serikali ilipiga marufuku wanawake jukwaani mwaka 1629, wanaume wakachukua nafasi zao. Huitwa onnagata. Katika kazi za Sharaku angalia taya na pua: wanja na vitana vya nywele ni vya bibi, mifupa ni ya bwana. Wapo waliodhani anawadhihaki. Naona alistahi kazi yao kuliko wote.

Nitamtambuaje mwigizaji bila kusoma Kijapani?

Tafuta nembo ya ukoo kwenye vazi. Miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ni ya ukoo wa Ichikawa Danjūrō.

Niitundike wapi?

Kama ni ya kale, mbali na jua. Buluu ya maua na wekundu wa maua ya kartamu hupauka upesi, na rangi hairudi. Makumbusho yenyewe huzionyesha picha hizi kwa muda mfupi tu kisha huzirudisha gizani.