Anwani mbili, kikasha kimoja

Ndugu, inawezekana kusoma barua pepe za kazi na zako binafsi mahali pamoja, tena bila kuzihamisha kutoka anwani moja kwenda nyingine. Katika Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta, ongeza anwani zote mbili kwa njia ya IMAP, yaani ile inayoziacha barua kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma wa barua pepe), kisha uchague mwonekano wa folda zilizounganishwa. Barua zote zitaonekana katika kikasha kimoja, ilhali kila moja inabaki kwenye seva yake, hivyo uliyoisoma kwenye kompyuta itaonekana imesomwa hata kwenye simu. Epuka njia nyingine, POP, kwani hiyo huteremsha barua kwenye mashine moja na, usipoizuia, inaweza kuzifuta kwenye seva; hapa Bukavu, ambako umeme ukirudi kwa nguvu huunguza kompyuta, hilo si jambo dogo. Mimi natumia mpangilio huu kwa anwani tatu katika duka letu la vifaa vya ujenzi, Kadutu. Angalia tu sehemu ya mtumaji kabla ya kutuma: mwezi uliopita nilimpelekea mteja bei za saruji kwa anwani ya kwaya, naye akauliza kama kanisa limeanza biashara.